Mpendwa akifariki nyumbani: hatua za kufuata kuanzia saa ya kwanza hadi cheti cha kifo

Nyanya yangu alifariki usiku wa kuamkia Jumapili, akiwa kitandani mwake Elburgon. Alikuwa ameugua kwa muda mrefu, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa. Kufikia alfajiri majirani walikuwa wamejaa uani, sufuria zilikuwa mekoni na wajomba walikuwa wakipiga simu kila upande. Kila jambo ambalo jamii hujua kufanya wakati wa msiba lilifanywa, na likafanywa vizuri. Kilichosahaulika ni karatasi. Kibali cha mazishi kilipita mikononi mwa watu wengi siku hizo, na hakuna aliyekihifadhi wala kufuatilia cheti cha kifo. Miaka saba baadaye, mama na ndugu zake walipotaka kugawana shamba, walijikuta wakizunguka kijijini kutafuta wazee wa kuthibitisha kwamba mama yao alikuwa amekufa kweli.

Tangu nilipojiunga na idara ya mawasiliano ya kaunti nimesikia kisa kama hicho mara nyingi, kutoka Kuresoi hadi Naivasha. Mgonjwa anapofia hospitalini, wahudumu huielekeza familia hatua kwa hatua. Anapofia nyumbani, familia huachwa peke yake usiku huo, na maswali ni mengi. Nimpigie nani kwanza? Je, tunaruhusiwa kumgusa? Lazima polisi waje? Mochari itampokea bila barua? Tunaweza kumzika kesho?

Makala haya yanajibu maswali hayo kwa mpangilio ambao familia hukutana nayo. Yasome leo ukiwa umetulia, kisha uyaweke mahali ambapo watu wa nyumba yako wanaweza kuyapata.

Nani anahusika na nini

Wananchi wengi hufika katika ofisi za kaunti kuomba cheti cha kifo, kisha wakarudishwa. Ni vyema kujua mapema mgawanyo wa kazi. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, serikali za kaunti zinasimamia huduma za afya katika kaunti, pamoja na makaburi, nyumba za kuhifadhia maiti na mahali pa kuchomea maiti. Usajili wa vizazi na vifo ni kazi ya serikali ya kitaifa, na unafanywa kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149. Machifu, manaibu wao na polisi pia wako chini ya serikali ya kitaifa.

Kwa ufupi, mambo ya mochari, makaburi na afya ya umma yapeleke kaunti. Mambo ya kibali cha mazishi na cheti cha kifo yaanzie kwa naibu wa chifu wa kata ndogo ambamo kifo kimetokea.

Dakika za kwanza: hakikisha

Usikimbilie kusema mtu amekufa. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka sana, mtu aliyelewa kupita kiasi, aliyezidiwa na baridi au aliyetolewa majini anaweza kuonekana amekufa ilhali bado ana uhai. Mwite kwa jina, mtikise bega, tazama kifua kama kinapanda na kushuka, na usikilize pumzi karibu na pua. Ukiwa na shaka yoyote, piga simu ya dharura 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, na umpeleke katika kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa. Ni afadhali kumfikisha hospitalini mtu ambaye daktari atasema amefariki, kuliko kumwacha nyumbani mtu ambaye angeokolewa.

Angalia usalama wako pia. Ukimkuta mtu ameanguka karibu na waya wa umeme, usimguse kabla ya kuzima umeme kwenye swichi kuu. Ukimkuta katika chumba kilichofungwa na ndani mna jiko la makaa, fungua milango na madirisha kwanza. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haionekani wala haina harufu, na katika sehemu zetu za baridi kama Molo, Mau Narok na Kuresoi, anayekimbilia ndani kuokoa anaweza kuzimia hapo hapo.

Je, kifo hiki kilitarajiwa au ni cha ghafla?

Hili ndilo swali kuu, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua utaanza na nani.

*Kifo kilichotarajiwa.* Huyu ni mzee aliyedhoofika kwa umri, au mgonjwa wa saratani, figo au moyo ambaye madaktari walikuwa wakimfahamu na ambaye familia ilikuwa ikimtunza nyumbani. Hapa hakuna haja ya kukimbia. Kaeni naye kidogo. Mwarifuni mzee wa mtaa au wa Nyumba Kumi, kisha naibu wa chifu. Ikiwa mhudumu wa afya ya jamii alikuwa akimtembelea mgonjwa, mwiteni pia, kwa kuwa anaijua historia ya ugonjwa. Kusanyeni kadi za kliniki, barua za kuruhusiwa kutoka hospitalini na orodha ya dawa. Karatasi hizo ndizo zitakazosaidia kuandika chanzo cha kifo kwa usahihi badala ya kuandika "ugonjwa mfupi."

Familia inayomtunza mgonjwa ambaye hatapona haifai kungoja siku ya mwisho ndipo iulize maswali. Wauguzi wa kliniki yenu, au wahudumu wa Nakuru Hospice kwa wale wanaohudumiwa huko, watawaeleza dalili za saa za mwisho na la kufanya usiku huo. Dawa za maumivu zilizobaki, hasa mofini, zirudisheni hospitalini. Msizimwage ovyo wala msimpe jirani anayelalamikia mgongo.

*Kifo cha ghafla au chenye shaka.* Hapa polisi ndio wa kwanza kuitwa. Kundi hili ni pamoja na ajali, kuanguka, kuzama majini, moto, umeme, kuumwa na nyoka au kushambuliwa na mnyama, sumu, kujiua, mapigano, na mtu mzima aliyekuwa buheri wa afya akapatikana amekufa kitandani. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inawataka polisi kuchunguza vifo vya namna hii. Polisi wanapofika nyumbani kwako hawaji kwa sababu familia inashukiwa. Wanaitwa kwa sababu sheria inataka chanzo kijulikane.

Kabla hawajafika, fanyeni mambo matatu. Msimwoshe, msimbadilishe nguo na msimhamishe. Msifagie wala kupanga upya chumba. Msitupe chochote, iwe ni chupa ya dawa ya shambani, kamba, kikombe au barua. Ikiwa sumu inashukiwa, msiguse matapishi kwa mikono mitupu na wazuieni watoto. Funikeni mwili kwa shuka safi na mtu mzima mmoja abaki mlangoni.

Polisi wakimaliza, kifo kitaandikwa katika kitabu cha matukio kituoni. Usiondoke bila nambari ya OB. Iandike, uipige picha kwa simu, na umpe mtu mwingine wa familia aiandike pia. Mtaulizwa nambari hiyo mochari, kwa naibu wa chifu na pengine kwa kampuni ya bima.

Kuna familia zinazoficha kifo cha kujiua kwa hofu ya aibu au ya polisi. Madhara yake huwa makubwa. Mwili huzikwa haraka, maneno huanza kijijini, na hatimaye mtu hupiga ripoti. Hapo ndipo mahakama huombwa amri ya kufukua kaburi, na familia hulia mara ya pili. Kuripoti mapema ni kumstahi marehemu.

Kumtunza marehemu kabla ya kusafirishwa

Ikiwa kifo kilitarajiwa na hakuna shaka, mnaruhusiwa kumtunza mpendwa wenu. Mwili huanza kukakamaa saa chache baada ya kifo, kwa hivyo mambo haya yafanyike mapema. Mlazeni chali, mnyoosheni mikono na miguu. Mfungeni macho taratibu, na mweke taulo iliyokunjwa chini ya kidevu ili mdomo usibaki wazi. Vueni vito na muandike orodha yake mbele ya watu wawili. Mto mmoja chini ya kichwa unatosha.

Watu wengi huuliza kama maiti huambukiza. Mwili wa mtu aliyekufa kwa uzee, saratani, shinikizo la damu au kisukari si hatari kwa watu wa nyumba. Vaeni glavu mnaposafisha, kwa kuwa mwili unaweza kutoa maji, kisha mnawe kwa sabuni. Kumshika mkono na kumuaga hakuna madhara.

Tahadhari inahitajika mtu anapokufa baada ya kuhara sana kama maji, baada ya homa iliyoambatana na kutokwa na damu, au wakati kuna mlipuko wa ugonjwa uliotangazwa. Kipindupindu ni mfano mmoja. Hapo msimwoshe wala kumkumbatia. Mpigieni afisa wa afya ya umma wa kaunti yenu ndogo au kituo cha afya kilicho karibu. Maafisa watakuja na vifaa, watanyunyiza dawa ya klorini na kuwaeleza jinsi ya kuzika kwa heshima bila kueneza ugonjwa. Wengi wetu bado tunakumbuka mazishi ya mwaka wa 2020, wakati wa Covid-19, na uchungu wa kuzika bila kuaga. Mkiwaita maafisa mapema, kuna nafasi ya kukubaliana jinsi familia itakavyomuaga mtu wake.

Kama kuna watu watakaokesha na marehemu, kumbukeni onyo la jiko. Chumba cha matanga hujaa watu na madirisha hufungwa kwa sababu ya baridi. Jiko la makaa lisiingizwe ndani.

Ombi lingine linahusu simu. Msipige picha za marehemu na kuzituma katika makundi ya WhatsApp. Hakikisheni kwamba mke, mume, watoto na wazazi wameambiwa kwa sauti ya mtu kabla tangazo halijaenda mitandaoni. Kuna mtoto wa shule ya bweni ambaye hakustahili kujua kifo cha babake kupitia simu ya rafiki.

Kwa naibu wa chifu: Fomu D2 na kibali cha mazishi

Kifo kinachotokea katika hospitali huandikwa huko huko katika Fomu D1. Kinachotokea nyumbani huandikwa na naibu wa chifu katika Fomu D2. Yeye ndiye wakala wa usajili katika kata ndogo. Kwa hivyo hata ikiwa mnaishi katika nyumba za kupanga Kaptembwo, London au Free Area na shamba lenu liko Nyamira au Murang'a, kifo kinaripotiwa hapa kilipotokea, si mahali mtakapozika.

Anayekwenda kuripoti awe mtu wa karibu anayejua habari za marehemu. Abebe kitambulisho chake na kitambulisho asilia cha marehemu, ambacho kitasalimishwa. Kabla ya kukisalimisha, toeni nakala kadhaa, kwa sababu benki, Sacco na mwajiri watazihitaji. Ikiwa kuna karatasi za hospitali au nambari ya OB, azibebe pia.

Naibu wa chifu atauliza jina kamili, umri, jinsia, makazi, kazi, tarehe na mahali pa kifo, na chanzo chake. Fomu ikishajazwa, isome mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Linganisha kila herufi ya jina na ilivyo kwenye kitambulisho. Marehemu aliyejulikana kijijini kwa jina moja na kwenye hati ya shamba kwa jina jingine ni chanzo cha kesi nyingi za urithi. Kosa la herufi moja linarekebishwa kwa dakika moja siku hiyo, ila baadaye litahitaji hati za kiapo na safari nyingi.

Hapo ndipo mtakapopewa kibali cha mazishi. Sheria hairuhusu kuzika wala kuchoma maiti bila kibali. Teueni mtu mmoja wa kuzitunza karatasi zote katika bahasha moja, na awe mtu asiyepotea katika shughuli za matanga. Katika familia yetu, mtu huyo hakuwepo.

Kwa vifo vinavyochunguzwa na polisi, kibali husubiri hadi uchunguzi wa maiti ufanywe na daktari. Familia ina haki ya kuuliza uchunguzi utafanyika lini, kumtuma mtu wa kuutambua mwili, na kuomba daktari wake awepo ikiwa inaweza kumgharamia. Ikiwa imani yenu inataka mazishi ya haraka, wajulisheni polisi na daktari mapema ili uchunguzi upangwe mapema iwezekanavyo.

Mochari, au mazishi ya siku hiyo hiyo

Hakuna sheria inayolazimisha kila mwili upelekwe mochari. Familia za Kiislamu huzika mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, na hilo linawezekana ikiwa kifo si cha kutiliwa shaka na kibali kimepatikana. Mwarifuni naibu wa chifu mara tu kifo kinapotokea, hata kama ni usiku, ili fomu isiwacheleweshe. Familia za Kihindu zinazochoma maiti pia zinahitaji kibali hicho hicho.

Ikiwa mnasubiri jamaa kutoka mbali, mwili unahitaji kuhifadhiwa. Pigeni simu mochari kabla ya kuondoka na mwulize mambo manne: kama kuna nafasi, karatasi zinazohitajika, ada ya kila siku, na saa za kupokea. Kwa kawaida mwili unaotoka nyumbani hupokewa pamoja na barua ya polisi au ya utawala wa mtaa, kwa sababu mochari haina njia nyingine ya kujua mtu huyo alikufaje. Familia nyingi hugundua jambo hilo zikiwa langoni saa nane usiku, gari la kukodi likiwa linasubiri.

Ada za mochari huhesabiwa kwa siku. Ndugu wakikaa wiki tatu wakibishana kuhusu tarehe ya mazishi, mchango wa harambee utaishia mochari badala ya kuwasaidia watoto. Kila malipo kwa kituo cha kaunti yafanywe kwa njia rasmi na mdai risiti. Mtu akiwaomba pesa mkononi ili mwili "ushughulikiwe," kataeni na mripoti kwa msimamizi wa hospitali.

Miili isiyodaiwa hutangazwa hadharani, na muda ukipita kaunti hutafuta amri ya mahakama ili kuizika. Ikiwa ndugu yenu hajulikani aliko, msingoje tangazo. Ulizeni polisi na mochari.

Mahali pa kuzika na safari ya mwisho

Kuzika katika shamba la familia kunaruhusiwa. Mshirikisheni afisa wa afya ya umma kuhusu kina cha kaburi na umbali kutoka kisima, mto au chemchemi, hasa katika maeneo ambako maji ya ardhini yako karibu. Hakikisheni kwamba shamba ni lenu kweli na halina mgogoro mahakamani. Wanaoishi katika ploti za kupanga au ambao hawana shamba watumie makaburi ya umma, na nafasi iombwe katika ofisi za kaunti kwa kibali cha mazishi.

Wakazi wa Nakuru wametoka kila pembe ya nchi, na wengi husafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Kibali asilia kiwe ndani ya gari linalobeba jeneza, si katika gari la wajomba lililotangulia. Polisi wakiwasimamisha barabarani, wataulizia karatasi hiyo. Dereva apumzike kabla ya safari, na basi la waombolezaji lisijazwe kupita kiasi. Misiba isizae misiba.

Na mkikosana kuhusu mahali pa kuzika, kumbukeni kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 20, 1986, na mjane wake, Wambui Otieno, akatofautiana na ukoo kuhusu mahali pa kumzika. Kesi ilifika Mahakama ya Rufaa, na marehemu alizikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 23, 1987. Alikaa mochari zaidi ya miezi mitano. Dawa ya mgogoro kama huo ni mazungumzo wakati mtu yu hai. Muulize mzazi wako leo angependa kuzikwa wapi, na mbele ya ndugu zako wote.

Mtoto mchanga na mama mzazi

Mtoto aliyezaliwa nyumbani akapumua kisha akafariki, hata baada ya saa moja, anahitaji kusajiliwa kuzaliwa kwake na kufa kwake. Alikuwa mtu, na mama yake ana haki ya karatasi inayosema hivyo. Mama mwenyewe apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu kutokwa na damu na maambukizi baada ya kujifungua vinaua haraka.

Mama akifariki akiwa mjamzito, akijifungua au wiki chache baadaye, kituo cha afya kijulishwe hata kama familia imekubali kuwa ni mapenzi ya Mungu. Kila kifo cha namna hii huchunguzwa na wahudumu wa afya ili kujua kilichokosekana, iwe ni gari, damu au rufaa iliyochelewa, ili mama mwingine wa kijiji hicho aokolewe.

Baada ya mazishi: cheti cha kifo

Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Kibali kinaruhusu kuzika. Cheti ndicho kinachothibitisha kifo mbele ya benki, mahakama, mwajiri na ofisi ya ardhi. Maombi ya cheti hufanywa kwa Idara ya Usajili wa Raia, kupitia eCitizen, na Huduma Centre hapa Nakuru inaweza kuwasaidia wasio na intaneti.

Kuna muda wa kukumbuka: miezi 6. Kifo kisiposajiliwa ndani ya miezi 6, kinaingia katika usajili wa kuchelewa, ambao unahitaji ushahidi zaidi na idhini kutoka ngazi ya juu. Familia iliyozika bila kibali isikate tamaa. Iende kwa naibu wa chifu sasa, ikiwa na kitambulisho cha marehemu na watu walioshuhudia mazishi. Kila mwaka unaopita unapunguza mashahidi.

Mkishapata cheti, wajulisheni mwajiri, benki, Sacco, NSSF, bima na chama. Vyama na Sacco nyingi zina mfuko wa mazishi, na baadhi hulipa kwa kuona kibali tu, kwa hivyo ulizeni mapema.

Mali ya marehemu

Sehemu hii ndiyo inayoumiza zaidi wajane na watoto. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Hii ina maana kwamba shemeji hawezi kuuza ng'ombe au kuchukua gari kwa kuwa "ni la ndugu yangu." Ina maana pia kwamba mtoto anayejua nambari ya siri ya simu au kadi ya benki ya babake hafai kutoa pesa hizo, hata kwa nia njema. Anayeandikwa benki kama jamaa wa karibu ni wa kujulishwa, hajawa mrithi kwa sababu hiyo.

Njia halali huanza na barua ya chifu inayowataja wote wanaostahili kurithi. Isomeni kwa makini. Mke wa pili, binti walioolewa na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa wasiachwe nje, kwani kuwaficha kunaweza kufanya idhini ifutwe baadaye. Kisha ombi hupelekwa mahakamani, likachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Kwa kawaida idhini huthibitishwa baada ya miezi 6, na ndipo mali inaweza kugawanywa. Familia yenye mali ndogo inaweza kuuliza msaada kwa ofisi ya Msimamizi wa Mali ya Umma.

Mjane akifukuzwa nyumbani kabla hata matanga hayajaisha, aende kwa chifu na kituo cha polisi. Nyumba aliyoishi na mumewe haigawanywi kwa kelele za uani.

Wanaobaki

Wiki mbili baada ya mazishi, hema limeng'olewa na simu zimenyamaza. Hapo ndipo majonzi huwa mazito. Mtu aliyemtunza mgonjwa kwa miezi huweza kukosa usingizi, kusikia jina lake likiitwa, au kujilaumu kwamba angempeleka hospitali mapema. Mengi ya hayo ni ya kawaida na hupungua. Ikiwa mtu hali, hafanyi kazi, anakunywa kupita kiasi au anasema afadhali naye afe, apelekwe kituo cha afya, au apige 1199 bila malipo azungumze na mshauri. Watoto waambiwe ukweli kwa lugha wanayoielewa. Mtoto anayeambiwa nyanya "amelala" anaweza kuogopa kulala.

Kwa ufupi

1. Hakikisha. Ukiwa na shaka, piga 999, 112 au 1199.
2. Kifo cha ghafla: ita polisi, usiguse kitu, chukua nambari ya OB.
3. Kifo kilichotarajiwa: mjulishe mzee wa mtaa na naibu wa chifu, kusanya karatasi za hospitali.
4. Dalili za ugonjwa wa kuambukiza: mwite afisa wa afya ya umma kabla ya kuosha mwili.
5. Pata Fomu D2 na kibali cha mazishi. Kagua majina.
6. Piga simu mochari kabla ya kusafirisha. Lipa kwa njia rasmi, dai risiti.
7. Omba cheti cha kifo ndani ya miezi 6.
8. Usiguse mali kabla ya idhini ya mahakama.

Mama na ndugu zake walipata cheti cha nyanya hatimaye, baada ya safari nyingi kutoka Elburgon hadi mjini Nakuru. Kipo katika bahasha ya kaki ndani ya kabati, pamoja na kitabu cha kliniki cha babu, ambaye bado yu hai na anajua kilipo. Babu mwenyewe ndiye aliyetuagiza tukiweke hapo. Alisema hataki tuhangaike mara ya pili.